Mwenzangu wa nyumba amehama na kuniachia hasara: niuze mtungi wake?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nakaa Nakuru, Section 58. Kijana niliyekuwa nikigawana naye kodi amehama nikiwa kazini. Nimekuta sinki limepasuka, kitasa kimevunjwa, na godoro langu nililomwazima lina tundu la pasi. Mwenye nyumba amekata hasara kwenye dipoziti niliyoweka mimi. Kijana anakiri, lakini kila mwezi ananiambia nisubiri. Ameacha mtungi wake wa gesi. Naweza kuuuza nijilipe? Na nikiweka picha yake kwenye grupu la WhatsApp la msikiti?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, haki yako ipo, na kuidai si kukosa subira. Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake, mke mwingine akamtuma mtumishi na sahani ya chakula. Yule mke mwenye nyumba ile akapiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka na kuvunjika. Mtume akaokota vipande, akazoa chakula, akasema: "Mama yenu ameshikwa na wivu." Kisha akamzuia mtumishi asiondoke mpaka ilipotolewa sahani nzima katika nyumba ileile, ikapelekwa kwa aliyevunjiwa. Ameipokea Bukhari. Hasira ilipewa udhuru, na sahani ikalipwa vilevile.

Godoro ni kitu cha kuazima. Mtume alipoazima deraya za Safwan bin Umayya alisema ni azima yenye dhamana, yaani ikiharibika italipwa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Kenya tunayafuata, mwazimaji halipi uchakavu wa matumizi aliyoruhusiwa. Godoro likibonyea kwa kulaliwa, huna dai. Tundu la pasi atalilipa, kwa sababu hukumpa godoro apigie nguo pasi. Lakini usidai bei ya godoro jipya: dai kilichopungua katika thamani ya hilo kuukuu.

Sinki liangalie upya. Kama lilipasuka kwa uzee wake, bila mkono wa mtu, mpangaji hadaiwi, si yeye wala wewe, na hapo zungumza na mwenye nyumba akurudishie.

Sasa mtungi, na hapa ndipo ninapokuogopea. Hind bint Utba alimshtakia Mtume kuwa mumewe Abu Sufyan hampi matumizi ya kutosha, akaruhusiwa kuchukua katika mali yake kwa wema kadiri ya kumtosha yeye na wanawe. Kutokana na hapo wanachuoni wa Kishafi wamemruhusu anayenyimwa haki yake ajichukulie kadiri yake. Wengine wamezuia, kwa hadithi isemayo: "Usimfanyie hiana aliyekufanyia hiana." Huyu wako hajakana deni. Kwanza ujue hali yake: ikiwa hana kitu, aya ya 280 ya Sura Al-Baqara inaamuru apewe muhula mpaka afarijike. Ikiwa anacho na anakuzungusha, Mtume amesema kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhuluma. Kwa hiyo usiuuze leo. Hata chai usiupikie bila idhini yake, maana ni amana mikononi mwako. Mwambie mbele ya watu wawili: lipa tarehe fulani, au niruhusu niuuze. Akisema uza, uza kwa bei ya sokoni, chukua chako, mrudishie kinachobaki.

Picha usiweke. Aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kusema, katika aya ya 148 ya Sura An-Nisaa, lakini wanachuoni wamesema amshtakie anayeweza kumsaidia: imamu, wazee wa msikiti, wazazi wa kijana. Watu wote wa grupu hawawezi kukulipa sinki.

Akikaidi, usiende kwa kadhi. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 imempa kadhi mamlaka katika masuala ya hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu tu. Dai lako ni la Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai ya mpaka shilingi 1,000,000, hasara ya mali ikiwemo. Hifadhi jumbe anazokiri deni, piga picha kitasa, sinki na godoro, na umwombe fundi akuandikie risiti. Wallahu aalam.