Mgeni mjini na mbwa wake: maswali na majibu

Barua tulizochagua safari hii zimetoka kwa watu waliohamia miji midogo ya Tanzania wakiwa na mbwa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: wenye mbwa wenzangu wako wapi, na nikiwapata nifanyeje?

Nimehamishiwa Mafinga kutoka Dar es Salaam, nina mbwa wawili. Dar tulizoea kukutana na wenzetu ufukweni Jumapili asubuhi. Hapa sijamwona hata mtu mmoja akitembeza mbwa. Nianzie wapi?

Hutawaona barabarani kwa sababu huko mbwa ni mlinzi. Mchana amefungiwa bandani, usiku anafunguliwa azunguke uani. Wafugaji wapo, ila hawatembei na mbwa wao, kwa hiyo watafute kule wanakolazimika kufika.

Kwanza ni duka la dawa za mifugo. Muuzaji anamjua kila anayenunua dawa ya minyoo na ya kupe, na anajua nani ananunua kwa ajili ya ng'ombe na nani kwa ajili ya mbwa. Mwachie namba yako ya simu na umweleze unachotafuta. Kisha bucha, asubuhi mapema mzigo unapoingia: wale wanaoondoka na mfuko wa mifupa, vichwa na mapafu, si wote wanaokwenda kupika supu. Ukinunua nawe, angalia mapafu na maini kama yana malengelenge yaliyojaa maji. Hayo ni ya minyoo tegu, na mbwa akiyala mbichi humrudishia binadamu ugonjwa kupitia kinyesi chake. Yenye malengelenge usichukue, na yaliyo safi yachemshe nusu saa nzima kabla ya kuchanganya na ugali.

Vibao vya MBWA MKALI navyo ni ramani nzuri ya mji. Usigonge geti kumtafuta mwenye nyumba, msalimie kijana wa kazi au mlinzi. Mara nyingi yeye ndiye anayempikia mbwa na kumfungua usiku, hivyo anamjua kuliko bosi wake.

Lakini mlango mkubwa kuliko yote ni bwana mifugo wa kata, na sababu yake iko ndani ya chupa. Chanjo ya kichaa cha mbwa mara nyingi huja katika chupa ya dozi 10, mililita 1 kwa kila mbwa, awe mkubwa au mdogo. Hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikishafunguliwa haikai: hutumika siku hiyohiyo, mara nyingi ndani ya saa chache tu. Ukimpelekea mbwa wako wawili, dozi 8 zitamwagwa, ndiyo maana atakwambia "njoo wiki ijayo" na wiki ijayo haifiki. Basi mwombe akutajie watu ambao mbwa wao wamefikia muda wa kurudia chanjo, uwapigie wewe, mpange siku moja na sehemu moja. Ukiwapata wanne wenye mbwa wawiliwawili, pamoja na wako wawili dozi zote 10 zimepata mbwa, na umeshawajua watu wanne. Chanjo ya kwanza hutolewa mbwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka.

Siku hiyo beba kamba za ziada, tano hivi, kila moja mita 2. Mbwa wengi huletwa na watoto, wamefungwa kwa katani au waya, na waya humkata mbwa shingo akianza kuruka. Mwenye kamba za kuazimisha na kalamu ya kujazia kadi hufahamika mji mzima kabla ya saa sita mchana. Kampeni nyingi huandaliwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo anza kuulizia ofisini kuanzia Agosti. Nenda na kadi za chanjo za mbwa wako pamoja na kibali cha kuwasafirisha ulichopewa na ofisi ya mifugo ulikotoka.

Nimepata mwenzangu mmoja mwenye dume. Mimi pia nina dume. Tunataka wawe wanatembea pamoja lakini tunaogopa watapigana.

Wanaweza wakapigana mkiwakutanisha getini. Hapo mmoja analinda kwake, mwingine amebanwa njiani, na nyinyi wawili mnavuta kamba kwa hofu. Kamba iliyokazwa humwinua mbwa kifua na kumkaza shingo, na mwenzake akimtazama anaona mbwa aliyejiandaa kwa ugomvi.

Tafuteni uwanja ambao si wa yeyote kati yenu: uwanja wa mpira asubuhi, au barabara ya shambani. Kila mbwa na mtu wake, tumbo lisiwe na njaa, na pasiwe na mfupa wala mpira. Anzeni kutembea mkielekea upande mmoja, mmeachana mita 10 hadi 15, kwa dakika kumi. Msisimame kuzungumza, maana mkisimama mbwa nao husimama na kutumbuliana macho. Wakianza kunusa nyasi na kutazama mambo mengine, punguzeni umbali kidogokidogo mpaka mbaki mita 2 au 3. Mmoja atangulie, wa nyuma amnuse mwenzake upande wa mkia, kisha wabadilishane. Kwenye kunusana hesabuni moja, mbili, tatu, kila mtu amwite wake na kuendelea na safari. Kosa la wengi ni kuwaacha waendelee kunusana kwa kuwa "wamependana". Ugomvi huanza sekunde ya kumi, si ya pili.

Mwili ukikakamaa kama ubao, mkia ukasimama wima na kutikisika ncha tu, mdomo ukafungwa ghafla, ongezeni umbali. Mwili unaopinda na kuyumba hauna neno. Wakishikana kweli, usiingize mkono katikati ya vichwa. Mwagieni maji, na yakishindikana kila mtu amshike wake miguu ya nyuma karibu na paja na kurudi nyuma kwa pamoja. Mmoja akivuta peke yake, nyama inachanika.

Rudieni siku kadhaa kabla ya kuwafungua kamba, na bado chakula wale mbalimbali daima.

Nina mtoto wa mbwa wa wiki 10. Naweza kumpeleka akacheze na mbwa wa jirani?

Na mbwa mmoja mzima, aliyechanjwa, kwenye ua ambao haujawahi kuwa na mgonjwa wa kuharisha damu, ndiyo. Kwenye uwanja ambapo mbwa wote hupita, bado. Chanjo ya mchanganyiko ya distempa na parvo, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa (parvo ndiyo ya kuharisha damu), huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake huua nguvu ya dozi za mwanzo. Kirusi cha parvo hukaa ardhini miezi mingi, na sabuni ya kawaida hakiijali. Sakafu ya saruji ioshwe kwanza, kisha ipigwe jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, iachwe ikiwa imelowa dakika kumi. Ua wa udongo hauna dawa zaidi ya jua na kusubiri.

Niko Pangani. Nikitoka na mbwa wangu, majirani wanavuka barabara na wengine wananikemea. Mbwa wangu hajawahi kumuuma mtu. Nitapataje marafiki wenye mbwa mahali kama hapa?

"Haumi" haimtulizi mtu ambaye tatizo lake si meno. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito: yakigusa nguo au chombo, huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee anayekwenda msikitini na kanzu safi, mbwa wako akimgusa na pua iliyolowa, umemrudisha nyumbani kubadili. Ana haki ya kukasirika.

Saa za alfajiri na Ijumaa mchana usipite barabara ya msikiti, na usiku wa Ramadhani watu wanapotoka tarawehe pia. Tumia kamba fupi ya mita moja na nusu, si ile inayorefuka na kujikunja yenyewe. Ukiona mtu anakuja, wewe ndiye uvuke, umweke mbwa upande wa pili wa mwili wako, usimame, utoe salamu. Wakikuzoea unafanya hivyo, kemeo litaisha lenyewe, na wengine wataanza kukuuliza anakula nini.

Wenye mbwa wako wapi? Tazama pembeni ya mji. Dini haikatazi mbwa wa ulinzi, wa mifugo wala wa kuwinda, na wakulima wa huko huwategemea mbwa dhidi ya nyani, ngedere na nguruwe pori. Hao ni watu wa kuzungumza nao kuhusu mbwa wanaofanya kazi, na wanajua mambo ambayo mwenye mbwa wa mjini hana habari nayo. Usiende na pendekezo la kuwavika mbwa wao kola za rangi. Nenda na habari ya chanjo.

Mbwa koko wananifuata kila nikitoka na wangu. Watu wananiambia niokote jiwe. Ni sawa?

Jiwe linafanya kazi, na mara nyingi hata kuinama tu kunatosha, kwa kuwa kila mbwa wa mtaani anaijua ishara hiyo. Shida ni kwamba wengi wa hao unaowaita koko wana wenyewe. Unayempiga mawe leo ni wa mama muuza genge ambaye kesho utahitaji akuuzie mboga, na kijana wake alikuwa anakuona.

Simama, usikimbie, mweke wako nyuma yako, sema kwa sauti nzito "rudi nyumbani". Wengi wanalifahamu neno hilo. Beba fimbo ndefu ya kuishusha kati yako na wao bila kupiga. Badili saa pia: anayetoka saa kumi na moja alfajiri anakutana na mbwa wa ulinzi ambao hawajafungiwa. Subiri hadi saa moja na nusu asubuhi. Halafu ulizia kila mbwa ni wa nani. Watoto watakwambia hadi jina.

Jike langu limeingia joto na madume ya mji mzima yako getini. Nilikuwa nimeanza kuzoeana na wenzangu, sasa naona aibu.

Usione aibu, watangazie. Mwenye dume anayejua mapema atamfunga wake, asiyejua atamkuta na majeraha asubuhi.

Joto huchukua takribani wiki 3. Siku za mwanzo, tisa hivi, damu inatoka na jike hufukuza madume. Hatari inaanza damu inapopungua na kuwa ya rangi hafifu, wakati ambapo wengi hudhani yamekwisha na kumfungulia. Mfungie kwenye chumba chenye mlango, si banda la wavu, kwa sababu dume huchimba chini au kurarua wavu. Asitembezwe nje, maana mkojo wake ni njia inayowaleta mpaka kwako. Wakishanasana usiwatenganishe, hata wakikaa nusu saa. Utawaumiza wote wawili na mimba haizuiliki kwa hapo.

Baada ya hapo kagua sehemu zake za siri kwa miezi michache. Kuna uvimbe unaoambukiza kwa kupandana, mwekundu, unaotoa damu kidogokidogo, ambao umeenea kwa mbwa wanaozurura. Hutibika kwa sindano za kila wiki kwa daktari, mapema ikiwezekana. Kama huna mpango wa kuzalisha, ongea na daktari wa wilaya kuhusu kumfunga kizazi. Waulize na wenzako pia, kwani daktari anayetoka mbali hukubali haraka zaidi akiwa na mbwa watano wa kufanya siku moja.

Mbwa wangu anaitwa Wanoko. Lilikuwa utani wa mtaa nilikotoka. Hapa nikimwita jioni, jirani anatoka kunitazama.

Mbadilishie jina. Chagua la silabi mbili, Simba au Popi, litamke mara moja kila unapompa tonge, na baada ya wiki moja au mbili ataitika. Jirani mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine.

Tumeanzisha kikundi cha WhatsApp cha wafuga mbwa, tuko kumi na moja. Kimegeuka soko la watoto wa mbwa.

Vikundi vyote huishia hapo visipowekewa kazi. Bandikeni juu orodha moja: jina la mbwa, tarehe ya chanjo, mwezi wa kurudia, namba ya mwenye mbwa. Mauzo yawe siku moja ya wiki, na anayeuza atume picha ya kadi na ya mama wa watoto. Asiyeweza kuonyesha mama, mara nyingi kuna sababu. Mtoto asiuzwe kabla ya wiki 8.

Mbwa wa rafiki yangu mpya amenichubua mkono tukicheza. Ana kadi ya chanjo. Sitaki kuharibu urafiki.

Osha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili ukitazama saa, hata kama ni mchubuko. Nenda hospitali leo, na kadi ya mbwa usiichukulie kuwa tiba: ipeleke ili daktari aisome. Ukianzishiwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, ya kwanza huhesabiwa siku ya 0, zinafuata ya 3 na ya 7, na nyingine kadiri atakavyopanga. Usikatishe katikati kwa kuwa jeraha limepona.

Rafiki yako amfunge mbwa siku 10, apewe chakula na maji kama kawaida, aangaliwe kila siku. Asimuue wala asimpeleke shamba kwa shangazi, kwa maana mbwa aliyepotea hamwezi kumwangalia. Akigoma kula, akibadilika sauti, akitokwa mate au miguu ya nyuma ikilegea, bwana mifugo aitwe siku hiyohiyo na wewe ujulishwe. Suala la nani analipia sindano lizungumzeni leo, mbele ya mtu wa tatu mnayemheshimu wote. Kwa kawaida ni mwenye mbwa, na akijitolea mwenyewe kabla hujamuuliza, endelea kutembea naye.