Fumba macho usikilize: bendi za nywele na hevi metali kwa mpiga gitaa anayejifunza

Mara ya kwanza bendi yetu kujaribu "Livin' on a Prayer" ya Bon Jovi, tuliporomoka mahali pamoja mara nne mfululizo. Tulikuwa bendi ya kupiga kopi hotelini, watu wazima, kila mmoja na miaka yake kwenye chombo, na wimbo wenyewe tuliuona mwepesi. Beti zilikwenda vizuri, kiitikio kikaenda, solo ikapita. Tulipofika pale ufunguo, yaani kimo cha sauti ya wimbo mzima, unapopanda kuingia viitikio vya mwisho, mpiga dramu akawa huku, mwimbaji kule, na mimi katikati sijui nimfuate nani. Tukaanza kulaumiana. Mwishowe mpiga besi akazima amplifaya yake, akawasha rekodi, akatuambia tuhesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu, na kiitikio kimeshaingia. Pigo la nne halipo. Waliliondoa makusudi, ili ufunguo mpya ukukute hujajiandaa, na ndiyo maana kifua kinaruka kila unapousikia wimbo ule hata kama umeusikia mara mia.

Mpaka siku hiyo nilikuwa nawadharau. Nilikulia kwenye kaseti za Iron Maiden na Metallica, na kwangu bendi za nywele zilikuwa rangi ya midomo, suruali za kubana na nywele ndefu zilizotunishwa kwa dawa ya kupulizia. Nazungumzia wale wa miaka ya 1980 waliojaa kwenye klabu za Sunset Strip kule Los Angeles, akina Mötley Crüe, Ratt na Poison, pamoja na wengine waliotoka mbali lakini wakawekwa kapu hilohilo, kama Bon Jovi wa New Jersey na Def Leppard wa Sheffield, Uingereza. Upande wa pili, wa hevi metali, niliwaweka wakubwa wangu: Black Sabbath na Judas Priest wa Birmingham, Maiden wa London Mashariki, Metallica wa California. Nilidhani nabishania muziki, kumbe nilikuwa nabishania picha zilizo kwenye majalada.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana anayeshika gitaa leo ni huu: tenganisha mizani. Kupiga chombo ni kazi moja, kutunga wimbo ni kazi nyingine, na bendi inaweza kuwa tajiri kwa moja na maskini kwa nyingine. Ukizipima zote mbili kwa jiwe moja utakosea, na utajinyima walimu wazuri.

Tuanze na kupiga. Fumba macho usikilize "Mr. Scary" ya Dokken, ya mwaka 1987, isiyo na mwimbaji kabisa. George Lynch anavyozivuta nyuzi pale, ungeambiwa ni bendi nzito kuliko zote ungekubali. Msikilize Warren DeMartini wa Ratt, au Nuno Bettencourt wa Extreme, mzaliwa wa visiwa vya Azores, ambaye mkono wake wa kulia unacheza kama wa mpiga ngoma. Kisha chukua Winger, bendi iliyogeuzwa kichekesho mpaka kwenye katuni ya Beavis and Butt-Head, ambapo mtoto anayedharauliwa na wenzake ndiye aliyevalishwa fulana yao. Mpiga dramu wao, Rod Morgenstein, alitoka Dixie Dregs, bendi ambayo wanamuziki wenyewe waliiheshimu kwa ugumu wa mambo yao. Mwimbaji wao, Kip Winger, baadaye alitunga muziki wa okestra na akateuliwa kuwania tuzo ya Grammy katika utunzi wa muziki wa kiklasiki. Hao ndio tuliowacheka. Inaniuma mpaka leo kwamba nilipoteza miaka kadhaa bila kuwasikiliza.

Na wapigaji wenyewe hawakuujua ukuta tuliowajengea. Randy Rhoads alianzia Quiet Riot kabla ya kwenda kwa Ozzy Osbourne, aliyekuwa mwimbaji wa Black Sabbath. Jake E. Lee, aliyekuja kumpigia Ozzy baadaye, alikuwa amepitia Ratt. Vivian Campbell alipiga gitaa kwenye "Holy Diver" ya Dio, bendi ya hevi metali, mwaka 1983, na mwaka 1992 akaingia Def Leppard. Vidole vilevile, kazi tofauti.

Lakini kuna mahali ambapo hevi metali inashinda, na nasema hivi kwa mkono wangu mwenyewe. Ni mkono wa kulia, na ni bendi nzima kwenda kama mashine moja. Chukua "Master of Puppets" ya Metallica, 1986. Wimbo unakimbia kwa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, na mpiga gitaa wao James Hetfield anaupiga kwa kushusha piki tu, kile kipande kidogo cha kugongea nyuzi, chini, chini, chini, bila kuipandisha. Mimi nilipojaribu mara ya kwanza, dakika ya pili haijaisha mkono wangu kuanzia kiwiko mpaka kifundo ulikuwa mgumu kama mti, na piki ikanitoka. Sauti nayo ilikuwa imeshalegea. Nilijua nyimbo nyingi, lakini nguvu ya kupiga namna ile sikuwa nayo.

Kama unataka kuijenga, usiige haraka yangu. Anza polepole, mapigo 120 hivi, piga dakika moja, pumzika dakika moja. Shika piki kwa ulegevu, nguvu itoke kwenye kifundo, bega lipumzike. Misuli ikikaza, acha. Ikiuma ndani karibu na kifundo, weka gitaa chini siku hiyo. Mimi nililazimisha, nikakaa wiki tatu bila kupiga. Na usijidanganye kwa kupandisha piki kila pigo la pili: mwendo utaupata, ila ule uzito unaomfanya msikilizaji akaze taya hautakuwepo.

Upande wa besi, msikilize Steve Harris wa Maiden kwenye "The Trooper" ya mwaka 1983. Mwendo ule wa farasi anayekimbia anaupiga kwa vidole, bila piki. Halafu magitaa mawili juu yake yanaimba sauti ya kwanza na ya pili kama wanakwaya. Ratt nao wana magitaa mawili yanayoimba pamoja ndani ya solo ya "Round and Round", 1984, lakini wao wanakupa sekunde chache tu kisha wanarudi kwa mwimbaji. Kwa Maiden, magitaa yale ndiyo wimbo wenyewe. Ukiielewa tofauti hiyo, umeshaelewa nusu ya ninachotaka kusema kuhusu utunzi.

Maana bendi za nywele, zile nzuri, zilitunga kuanzia kooni. Wimbo unasimama juu ya mwimbaji na kiitikio, na gitaa linajua lini lisogee pembeni. Hebu rudi kwa Bon Jovi usikilize beti tu: gitaa limeacha nafasi, besi ndiyo inayobeba, kisha sehemu ya kupandia kiitikio inakuja na kila chombo kinapanda ngazi pamoja. Wimbo ule Jon Bon Jovi na Richie Sambora waliutunga pamoja na Desmond Child, mtunzi aliyeitwa kutoka nje ya bendi. Wengi huona hiyo ni aibu. Mimi naona ni unyenyekevu wa kazi. Def Leppard walikaa na albamu yao "Hysteria" kuanzia 1984 mpaka 1987, wakipanga sauti juu ya sauti. Jaribu wimbo wa namna hii kwa gitaa moja kavu na mtu mmoja wa kuimba. Ukibaki umesimama, umetungwa vizuri.

Usichukue kipimo hicho ukakipeleka kwa Maiden. "Rime of the Ancient Mariner" ya mwaka 1984, waliyoitoa kwenye shairi la Coleridge, mshairi wa Kiingereza, inazidi dakika 13, na katikati vyombo vinanyamaza, besi inabaki na maneno yanayosemwa tu. Ule ni utenzi. Nani aliwahi kuulizia kiitikio cha utenzi? Wimbo wa namna hii upime kwa kumwondoa mwimbaji: je, magitaa peke yake yanakusimulia safari, unajua uko mwanzo, uko kwenye hatari, umefika? Kama ndiyo, mtunzi amefanya kazi yake.

Kila upande una dhambi zake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 bendi za nywele zilikuwa zinatoa wimbo wa mapenzi wa taratibu kana kwamba ni sheria, na maneno mengi yalikuwa membamba mno. Nyimbo nyingi za wafuasi waliokuja nyuma sizikumbuki hata nikipigiwa. Hevi metali nayo ilishona rifu, vile vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa, moja kwa nyingine mpaka mshono ukawa ndio nguo. "…And Justice for All" ya Metallica, 1988, naipenda kwa moyo wote, ila wimbo wenye jina la albamu unakaribia dakika 10, besi haisikiki karibu albamu nzima, na kuna rifu mle ambazo zingeondolewa hakuna ambaye angeziulizia.

Na tazama Metallica walichofanya baada ya hapo. Kulikuwa na fundi wa studio kule Vancouver, Kanada, Bob Rock. Mwaka 1986 ndiye aliyerekodi na kuchanganya sauti za albamu ya Bon Jovi yenye wimbo uliotuangusha. Mwaka 1989 akaisimamia "Dr. Feelgood" ya Mötley Crüe. Metallica wakausikia mlio wa albamu ile, wakamwita awasimamie albamu yao ya mwaka 1991. Wimbo wa kwanza mle, "Enter Sandman", mpiga gitaa Kirk Hammett alikuja na rifu yenye kichwa na mkia. Lars Ulrich, mpiga dramu, akapendekeza kichwa kirudiwe mara tatu ndipo mkia uje. Basi. Badiliko hilo dogo ndilo linalofanya mtu asiyejua hata jina la bendi aimbe rifu ile barabarani.

Ukitaka kuanza wiki hii, chukua nyimbo mbili tu. Wa kwanza "Round and Round": usianze na solo. Jifunze gitaa linafanya nini mwimbaji anapoimba, ukaandike kwenye karatasi mahali linaponyamaza. Wa pili "The Trooper": tafuta mwenzako mgawane sauti mbili za gitaa, polepole, mpaka msikike kama mtu mmoja.

Sisi baada ya siku ile ya vidole tulirudi kwenye wimbo wetu wenyewe, uliokuwa umetushinda miezi. Solo yangu ilikuwa na mizunguko 32 ya mapigo manne. Nikaikata ikabaki 8, na mwisho wake tukaondoa pigo moja. Mpiga dramu alilikosa mara mbili. Mara ya tatu tuliingia sote pamoja, na mwimbaji, aliyekuwa ametugeuzia mgongo akinywa maji, aligeuka akaweka chupa chini.