Nyumba ya urithi: msuluhishi hatoi hukumu

SWALI: Marehemu baba alituachia nyumba ya vyumba sita hapa Majengo, Mombasa. Tuko ndugu wanne. Kaka mkubwa hukusanya kodi na hatuonyeshi hesabu. Asema pesa zimeishia kwenye paa na choo. Tumeshtaki, na mahakama imetupeleka kwa msuluhishi. Je, akimpendelea kaka?

JIBU: Dada, hata akimpendelea hawezi kumpa ushindi. Hakuna linalopita ila mlilotia saini nyote. Mkishindwa kuelewana, kesi yarudi mahakamani, na yaliyosemwa kikaoni hayatumiki kuwa ushahidi. Msuluhishi wa mahakama hamumlipi. Muda ni siku 60, huweza kuongezwa.

Ataanza nanyi pamoja, kisha atamwita kila mmoja faragha. Faragha hiyo ina kazi kubwa: kaka anaweza kukiri huko kwamba risiti hana, neno zito kulitamka mbele ya wadogo zake. Msuluhishi halipeleki upande wa pili bila idhini yake.

Vikao vingi huharibika kwa sababu mwenye haki hayupo. Kwa mfano, ndugu yuko Dubai, amemtuma shemeji aje kusikiliza tu. Mkifika penye kukubaliana, shemeji hana mamlaka. Aliye mbali atoe uwakili kwa maandishi mapema.

Nendeni na hesabu, si malalamiko: kodi ya kila chumba kwa mwezi, miezi kilipokaa kitupu, malipo ya fundi na vifaa. Pengine kweli paa lilikula pesa nyingi; matumizi hayo yatolewe kwanza, ndipo mjue kaka adaiwa ngapi. Kama ni Waislamu, pigeni mafungu ya mirathi kabla ya kikao, ili muda wenu uende kwenye kodi, na kwenye swali la nani abaki na nyumba na nani alipwe fungu lake. Fungu la mtoto mdogo asiliachilie mtu yeyote kwa niaba yake.

Nawasihi sana kuhusu maandishi ya mwisho. “Tutagawana kwa haki” ni kuanza ugomvi upya. Andikeni kiasi, tarehe, akaunti ya kupokelea kodi, nani atakagua hesabu na lini, na hatua itakayofuata malipo yakichelewa. Mkataba ukishapitishwa na mahakama huwa amri yake, wala hauna rufaa, kwa hivyo wakili ausome kabla hamjatia saini.