Kindle au karatasi? Anza na lugha ya vitabu vyako

Kabla hujaulizia bei ya kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kama Kindle ya Amazon, chukua daftari uorodheshe vitabu kumi vya mwisho ulivyosoma. Mbele ya kila kimoja andika lugha yake, kisha uandike kama kilikuwa cha karatasi, EPUB (faili la kitabu ambalo maandishi yake hujipanga kufuata kioo) au PDF (faili ambalo ukurasa wake haubadiliki). Orodha hiyo ndiyo itakayokuamulia.

Kama vingi ni riwaya, tamthiliya na diwani za Kiswahili, nunua karatasi. Sehemu kubwa ya fasihi yetu haipatikani kihalali kwa nakala laini, na bei ya kifaa kimoja inakujazia rafu nzima. Kama unasoma zaidi Kiingereza, hasa vitabu vya zamani, kifaa kinalipa haraka: Project Gutenberg inatoa bure vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo hakimiliki zake nchini Marekani zimekwisha.

Wengi hukwama kwenye mafaili. Ukihamishia EPUB kwenye Kindle kwa waya, haitafunguka. Itume kwa intaneti kupitia huduma ya Amazon ya Send to Kindle, ambayo imekuwa ikipokea EPUB tangu 2022, au uibadilishe kwanza kuwa AZW3, aina ya faili inayofunguka kwenye Kindle, kwa Calibre, programu ya bure ya kompyuta. Kobo, kifaa cha kampuni nyingine, hufungua EPUB moja kwa moja, na kwa mtu wa Kigoma au Tabora anayejaza vitabu mara moja akipata bando la kutosha, hilo ni jambo kubwa.

PDF ni shida nyingine kabisa. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21, kioo cha inchi 6 kina takriban sentimita 9. Herufi za ukubwa wa 12 zinashuka hadi kama 5, na huwezi kuzikuza bila kusukuma ukurasa kushoto na kulia kila mstari. Ukikilaza kifaa ubavu unafika kama 7, ambayo inavumilika kwa kurasa chache tu. Kwa hiyo mwanachuo ambaye usomaji wake ni madesa yaliyoskaniwa asinunue kifaa cha inchi 6. Atafute kishikwambi cha inchi 10, au achapishe.

Faida ya kweli ya kioo cha vifaa hivi, kioo cha wino wa kielektroniki, ni umeme kidogo kinaotumia. Chembe nyeusi na nyeupe husogezwa na chaji pale tu ukurasa unapobadilika, kisha hukaa zenyewe. Zima Wi-Fi, punguza taa, na chaji itadumu wiki kadhaa hata umeme ukikatika kila jioni. Juani, pale ufukweni Ujiji saa saba mchana, maandishi yanasomeka vizuri wakati simu imegeuka kioo cha kujitazamia. Usiku, taa yake ya ndani hukuwezesha kusoma ndani ya chandarua bila kuwasha balbu inayomsumbua mwenzako.

Kinachokiua ni kukandamizwa. Kwenye vifaa vingi, nyuma ya kioo kuna bamba jembamba la glasi, nalo hupasuka begi likibanwa kwenye basi, hata kama juu huoni ufa. Utaona mistari isiyofutika, na fundi simu wa mtaani mara nyingi hana kioo cha kubadilishia. Kava gumu si pambo. Usikiache kwenye dashibodi ya gari pia, maana joto huchakaza betri.

Karatasi nayo ina maadui zake. Mchwa hupanda kutoka chini kwa njia za udongo, basi rafu ikae angalau sentimita 5 kutoka ukutani, miguu yake ndani ya makopo yenye oili chafu, na nyuma yake pakaguliwe kila wiki msimu wa mvua. Kitabu kikiota ukungu, usikifute kwa kitambaa chenye maji. Kisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zimeachana, hadi kikauke kabisa, ndipo ukipige brashi laini nje ya nyumba. Jua kali hulainisha gundi ya mgongo na kurasa huanza kuchomoka. Ukurasa uliochomoka hurudishwa kwa gundi nyeupe ya seremala, mstari wa milimita 2 tu. Weka nailoni pande zote mbili, kisha ulaze kitabu chini ya uzito usiku kucha.

Ukinunua kifaa kilichotumika, kichaji kwanza saa nzima. Kikiganda, shikilia kitufe cha kuwashia. Kwa Kindle ni sekunde 40. Fungua kurasa ishirini mfululizo ukitazama mistari kwenye kioo, na utikise waya wa chaji taratibu uone kama tundu limelegea. Halafu mwenye nacho aondoe akaunti yake mbele yako, kabla hujatoa hela. Akisema amesahau nenosiri, mrudishie kifaa chake.