Ratiba ya mji haiokotwi ofisini: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi Tanga

Mwezi wangu wa tatu kazini redioni niliwapeleka watu kwenye shughuli isiyokuwepo. Barua ilitoka ofisi moja, imechapwa vizuri, ina mhuri, inasema onyesho la taarab litaanza "saa 9" Jumamosi. Nikaisoma hewani kama ilivyo, saa tisa alasiri. Kumbe aliyeichapa alikuwa akitazama saa ya kompyuta, na alichokusudia ni saa tatu usiku. Nilipofika pale nikakuta akina mama sita na wazee wawili wamekaa kwenye ngazi, jua limewaelekea, wamevaa wakapendeza, wananukia udi, na mlango una kufuli. Mama mmoja alikuwa ametoka Pongwe. Hakunigombeza. Alinitazama akasema, "Mwanangu, sisi tulikusikia wewe."

Nimesoma ratiba ya wiki redioni kwa miaka 14 na sauti ile bado ninayo. Ninyi mnaoanza mwaka huu mtaletewa barua kama ile kila wiki. Ithibitisheni saa kwa mdomo, na msiulize "saa ngapi" peke yake. Ulizeni: ni baada ya Alasiri au baada ya Isha? Hapo mtu wa Tanga hakosei, kwa sababu adhana anaisikia kila siku na ratiba yake yote ameifunga kwenye adhana hiyo.

Tarehe nayo ina mambo yake. Kalenda ya ukutani haitoshi. Maulidi yanafuata Mfungo Sita, na mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko huu wa Januari hadi Desemba kwa siku kama 11, kwa hiyo yale uliyoyahudhuria mwaka jana wakati wa mvua yatahama taratibu mpaka uyakute kiangazi. Isitoshe, hayawi siku moja. Msikiti huu unasoma leo, madrasa ile inasoma wiki ijayo, kijiji cha jirani kinasubiri wageni wake wamalize kwingine ndipo kisome. Usiseme hewani "Maulidi ni kesho" kana kwamba mji mzima una Maulidi moja. Sema ya wapi, na nani anaalika. Iddi usiitangaze kabisa kabla mwezi haujaandama na wanaohusika hawajasema. Neno moja la haraka kutoka redioni linaweza kumfungulisha mtu swaumu yake.

Sasa niseme jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote. Tanga shughuli kubwa huwa zinajulikana kabla hazijatangazwa. Tangazo likifika mezani kwako, wenye mji wameshagawana kazi siku kumi zilizopita: nani analeta mchele, nani anakopesha masufuria, nani atapokea wageni wa Pangani. Ukikaa ofisini ukisubiri barua, utakuwa unawatangazia watu habari waliyokwishaijua, tena ikiwa na makosa. Kazi yenu ni kuwa mahali inapojulikana.

Mahali penyewe ni pa kawaida mno. Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, jioni wazee wanakaa barazani na kahawa chungu na kashata. Keti. Salimia kwanza, shikamoo kwa kila mmoja kwa zamu yake, usitupe salamu moja ya jumla kama unayepita. Kikombe cha kwanza usiulize kitu. Cha pili utaulizwa wewe: mtoto wa nani, unakaa wapi, kwenu wapi. Jibu kikamilifu, kwa sababu mzee akishakuweka kwenye ukoo fulani au mtaa fulani ndipo anapojua anaweza kukuambia nini. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, na mara nyingi mazungumzo yameanzia kwenye machungwa.

Kituo cha pili ni Deep Sea, soko la samaki, asubuhi, samaki wanaposhushwa. Huko mtajifunza kwa nini huwezi kuandika habari ya chakula bila kujua upepo. Kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari inachafuka, vyombo vidogo havitoki, nguru anapanda bei, na mama lishe aliyekuwa akiuza wali kwa samaki anabadilisha mboga. Wavuvi wa dagaa nao wanataka giza ili taa zao ziwavute dagaa. Mbalamwezi ikiwaka sana wanapumzika. Niliwahi kusikia mtangazaji akilaumu wapishi wa maonyesho kwamba "mwaka huu hawakujipanga, hakuna dagaa". Ilikuwa mwezi mpevu. Wavuvi wote waliomsikia walijua hajawahi kufika mwaloni.

Na chakula kiiteni jina lake. Bada ni bada, unga wa makopa ya muhogo uliosongwa ukavutika, ukaliwa na mchuzi wa samaki au na mchunga, ile mboga chungu ya majani. Ukisema "vyakula vya asili vya Pwani vilikuwepo" hujasema kitu. Aliyeamka alfajiri kuupika uji wa pilipili manga anastahili kusikia neno "uji wa pilipili manga" likitoka redioni.

Jikoni ndiko nilikojifunza kazi. Mwaka mmoja nilitumwa kwenye Maulidi Msambweni na nikafika usiku wa kuamkia siku yenyewe, maana mtu alinishauri niende mapema. Nilikabidhiwa kisu na gunia la vitunguu kabla hata sijauliza jina la mtu. Nikamenya. Macho yalikuwa yanachuruzika na hakuna aliyenijali, maana wote walikuwa hivyohivyo. Mpishi mkuu alikuwa bibi mfupi aliyejifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, na mbele yake sufuria la kilo 20. Rangi ya pilau, aliniambia, inatoka kwenye kitunguu. Ukikitoa mapema pilau inakuwa nyeupe, ukichelewa kidogo tu inakuwa chungu na hakuna dawa. Akakikaanga mpaka kikawa rangi ya gome la mdalasini, akatia viungo, nyama, supu, mwisho mchele.

Maji yalipokaribia kukauka akachomoa kuni chini, zikabaki makaa, akafunika na kupalia makaa mengine juu ya mfuniko. Halafu akainama, akalaza sikio karibu na sufuria, akafumba macho. Nami nikainama. Mwanzoni ulisikika mchemko mzito, kama mtu anayekoroma mbali. Baadaye sauti ikawa nyembamba, ikaanza kutatarika. "Hapo," akasema, akayakwangua makaa ya chini yote kwa mara moja.

Tulipokuwa tunasubiri akaniambia, kama jambo dogo, kwamba kesho zefe, yale maandamano ya Maulidi ya kupiga matari, haitapita njia yake ya kila mwaka. Kuna msiba uliotokea wakati wa Magharibi nyumba ya pili kutoka kona, na matari hayapigwi mbele ya wafiwa. Wamekubaliana kuzungukia upande wa pili. Barua niliyokuwa nayo mkobani ilikuwa na njia ya zamani, imepigwa mhuri. Asubuhi nikasoma njia mpya. Watu waliokuwa wakisubiri na watoto wao barabarani waliiona zefe, na wafiwa wakaachwa na utulivu wao. Habari hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwa jikoni tu.

Kaka zangu mtasema jikoni kwa wanawake hamwezi kuingia, na ni kweli. Msilazimishe. Upande wenu upo kwenye kamba za turubai, kwenye kuchinja, kwenye kupanga mikeka, na huko mtasikia mambo ambayo mimi sitasikia kamwe. Ila simu yenye kamera muifikirie mara mbili, nyote. Zipo ngoma za wanawake wenyewe kwa wenyewe, za harusi na za kumfunda mwari, ambazo kuwaruhusu muingie hakuna maana ya kuwaruhusu mtoke na picha. Baikoko, ngoma ya huku kwetu, imewahi kusambazwa kwenye simu nchi nzima na watu wasioijua, na waliolipa ni wachezaji walioaibishwa mbele ya majirani zao. Uliza kabla. Ukikataliwa, kumbuka kwa kichwa.

Ngoma nazo zitajeni. Wasambaa wana mdumange, Wazigua wana selo, Wadigo wana sengenya. Kusema "kikundi cha ngoma za asili kilitumbuiza" ni kuwavua watu nguo zao na kuwavisha sare.

Kuhusu taarab, Tanga inakudai heshima kabla hujafungua mdomo. Miaka ya 1960 na 1970 Black Star Musical Club na Lucky Star waliipiga kwa magitaa, kundi dogo, mdundo wa kuchezeka, tofauti na lile jopo kubwa la fidla la Unguja, na Bi Shakila Said, aliyefariki 2016, aliimba katika vikundi vyote viwili. Ukimwambia mzee wa Makorora kwamba taarab yote asili yake ni moja, atakunywa kahawa yake kimya na hutapata tena neno kutoka kwake. Kwenye dansi kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Zisikilizeni nyimbo zao kwa masikio yenu kabla ya kuzitaja.

Na ukihudhuria taarab yenyewe, tazama wanaokwenda kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa. Mama anasubiri mshororo wake, ukifika anainuka, anatembea polepole, noti mkononi, macho ameyaelekeza pembe fulani ya ukumbi. Mshororo ule ni ujumbe, na aliyetumiwa yupo, na nusu ya ukumbi wanamjua. Wewe utaandika wimbo, mwimbaji, wapigaji, ukumbi ulivyojaa. Nani alitunza kwenye mshororo upi, usiandike. Nimeona ugomvi wa nyumba mbili uliokuwa ukipoa ukawashwa upya na sentensi moja ya mwandishi aliyedhani ameona jambo la kupendeza.

Mambo ya historia yataletwa kwenu na kila mgeni rasmi: mkonge ulioletwa na Mjerumani Hindorf 1893, reli iliyoanza kujengwa mwaka huohuo. Yajueni ili mjue akikosea. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani 1909, akafariki 1962, na kaburi lake liko Machui, karibu tu. Nendeni mara moja, bila kipaza sauti. Jina lake lina "a" mbili katikati. Nimeliona limeandikwa vibaya kwenye mabango mazuri ya bei ghali. Boma la zamani la Wajerumani lina makumbusho ya Urithi, na picha za mji zilizomo zitawasaidia kuelewa mzee anaposema "pale palipokuwa".

Mpira wa Mkwakwani, uwanja wetu, sitausemea sana. Coastal Union ilianzishwa 1948, ikachukua ubingwa wa nchi 1988, na siku ya mechi usipange kumhoji mtu yeyote.

Tukio linalonisikitisha kwa kukosa waandishi ni kikao cha baraza la madiwani. Kikao cha kawaida ni kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Watu wanaona ni mambo ya makabrasha. Lakini ushuru wa meza ya muuza mihogo unaamuliwa kwenye makabrasha hayo, na taa za mtaani, na kama viwanja vya Tangamano vitatumika kwa nini. Ombeni kabrasha mapema, lisomeni usiku, mtafute kifungu kimoja kinachomgusa mtu mnayemjua, kisha mwende mkamuulize kabla ya kikao na baada ya kikao. Mama mmoja wa Mgandini alijua kwamba ushuru wake unajadiliwa kwa sababu nilimsimamia mezani kwake na karatasi mkononi. Alikuja kikaoni na wenzake wanne, wakakaa nyuma, hawakusema neno, hawaruhusiwi. Madiwani waliwaona.

Daftari langu la simu lipo kwenye droo ya juu, lile lenye jalada la kijani. Limepangwa kwa mitaa: Chumbageni, Duga, Makorora, Msambweni, Raskazone. Majina mengine nimeyapigia mstari mmoja, hao wameshatangulia mbele ya haki, na pembeni nimeandika mtoto au mwanafunzi anayeendeleza shughuli. Ukurasa wa Msambweni, namba ya kwanza, ni ya yule bibi wa pilau. Simu hapokei akiwa jikoni. Nendeni alfajiri, mpige hodi upande wa uani, na mbebe kisu chenu.