Maswali na majibu: TAP hushikaje peptidi?

Virusi ni vya kila namna. TAP moja inamudu vipi kubeba vipande vya protini za vyote?

Kwa sababu haisomi peptidi nzima. TAP ni pampu ya protini mbili, TAP1 na TAP2, zilizopenya utando wa retikulamu endoplazimu (mtandao wa vyumba ndani ya seli); huingiza humo peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Peptidi hutokea upande wa saitoplazimu (majimaji ya seli), na kinachoshikwa hasa ni ncha zake: asidi amino tatu za mwanzo na ile ya mwisho kabisa. Katikati hubaki huru, kiasi kwamba unaweza kupachika hapo molekuli inayong'aa na peptidi bado ikashikwa vizuri. Ila ncha zenyewe ziwe wazi. Ukiziba ya amino au ya kaboksili kwa kemikali, mshiko hudhoofika sana.

Urefu unaofaa ni upi?

Asidi amino 8 hadi 16. Zenye kufika 40 hupita, lakini kwa shida.

Nimebuni peptidi ya asidi amino 9 inayokaa vizuri kwenye HLA (protini inayoonyesha peptidi kwa kinga ya mwili), lakini TAP haiitaki. Kosa liko wapi?

Anza kukagua nafasi ya 2 na ya 3: prolini hapo huharibu mshiko. Kisha tazama mwisho. TAP ya binadamu hupenda asidi amino inayokwepa maji, kama leusini au tairosini, au yenye chaji chanya, kama ajinini na laisini. Aspateti na glutameti hazifai. Ukitumia seli za panya, ajinini ya mwisho haitakusaidia, maana TAP yao huegemea zaidi zinazokwepa maji.

Hapa pana jambo linalostahili kuzingatiwa. HLA-B7, aina mojawapo ya HLA, hutaka prolini palepale kwenye nafasi ya 2, ambapo TAP huikataa. Seli hutatua hilo kwa kupitisha peptidi ndefu kidogo, halafu kimeng'enya ERAP1 huipunguza ndani kwa kula ncha ya amino. Ncha ya kaboksili haiguswi, kwa hiyo lazima iwe imekatwa sawasawa tangu kwenye proteasomu, mashine ya seli inayokatakata protini. Jaribu tena na peptidi yako ikiwa imerefushwa mbele kwa asidi amino mbili au tatu.

Niweke ATP (molekuli inayoipa seli nishati) ninapopima mshiko kwa peptidi yenye alama?

Hapana. Kushika hakuhitaji ATP. Kusukuma ndiko kunakoihitaji. Ukiwa na ATP kwenye nyuzi 37, peptidi itavushwa na utakuwa unapima usafirishaji. Fanya kazi juu ya barafu, ongeza apirasi imalize ATP iliyobaki kwenye maikrosomu (vipande vya utando wa retikulamu vyenye TAP), na uoshe haraka kwa bafa baridi. Usikatishe mapema: peptidi hunasa upesi, kisha TAP hubadili umbo polepole. Weka pia mrija wa ulinganisho wenye peptidi ileile isiyo na alama, kwa wingi mno. Alama inayosalia humo ni ya kugandia ovyo. Iondoe kwenye hesabu.

Protini za virusi ICP47 na US6 zote huzuia TAP. Nitazitofautishaje?

Kwa kipimo hichohicho. ICP47 ya virusi vya herpesi simpleksi huziba mahali pa peptidi kutoka saitoplazimu, hivyo mshiko hutoweka. US6 ya saitomegalovirusi huikaba TAP kutoka ndani ya retikulamu na kuizuia kupokea ATP: peptidi itashikwa kama kawaida, lakini haitavuka.