Ukibuki familia kwenda kwenye theluji, anza na chakula cha jioni

Wadogo zangu mlioanza kazi ya safari juzi juzi, najua venye mnafanya mkipata familia inataka kupeleka watoto kuona theluji kule milima ya Alps, Ulaya. Mnakimbilia tiketi, visa, chumba, mwalimu wa kuskii, halafu chakula cha jioni mnaandika tu "restorani ziko nyingi karibu". Mimi pia niliandika hivyo kwa muda mrefu. Siku hizi naanza na chakula cha jioni kabla hata sijaangalia chumba, juu nimeona familia nyingi zikirudi na malalamiko na karibu kila mara si mlima uliwashinda, ni zile saa kati ya kumi na moja jioni na mbili usiku, lifti za kupandisha watu mlimani zimefungwa, giza limeingia, watoto wana njaa ya kulia na hakuna jikoni hata moja limewashwa.

Kwanza elewa saa. Wakati wa baridi Ufaransa, Austria, Uswisi na Italia ziko nyuma ya Nairobi kwa masaa mawili. Restorani nyingi za Ufaransa zikishamaliza lanchi zinafunga jiko kabisa, zinafungua tena saa moja usiku ama saa moja na nusu. Sasa hiyo saa moja na nusu ya huko, kwa mwili wa mtoto aliyetoka Buruburu juzi ni saa tatu na nusu usiku, na huyo mtoto ameshinda akianguka kwenye theluji na kuamka tangu asubuhi. Kwetu angekuwa amelala kitambo.

Nilisindikiza kikundi mara moja kule Avoriaz, kijiji cha kuskii Ufaransa, nikakaa meza moja na kijana wa miaka minne. Tumeingia saa moja na nusu kamili, menyu imeletwa polepole, watu wazima wanaulizana hii ni nini hii ni nini, kijana amekula mkate wote kwenye kikapu, akanywa maji, akaweka shavu juu ya hicho kikapu akalala hivyo hivyo na glavu moja mkononi. Chipsi zake zikaja baadaye zikapoa hapo. Mamake hakula, alikuwa amemshikilia kichwa kisianguke. Walilipa chakula cha watu wote na nusu ya meza haikuguswa. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa restorani yoyote si mnapika nini, ni jikoni linaanza kutoa chakula saa ngapi.

Na hapo kwa saa kuna shimo lingine ambalo sisi tunaoongea Kiswahili ndio tunatumbukia. Klaenti mmoja aliniandikia kwa wasap, "tufanyie buking ya saa moja na nusu, tuko na shosho na watoto wawili". Nilikuwa na kazi nyingi siku hiyo, nikatuma imeili kwa restorani na nikaandika 1:30 vile vile nilivyoisikia kichwani. Wao wakaweka meza ya mchana. Familia imetembea kwenye barafu usiku, shosho ameshikwa mikono pande zote mbili, kufika wanaambiwa meza yenu ilikuwa ya saa saba na nusu mchana na sasa tumejaa. Yule mama alinipigia simu akiwa amesimama nje na nilisikia mtoto akilia nyuma yake. Makosa yalikuwa yangu na niliomba msamaha, lakini msamaha hauwalishi watu usiku ule. Kwa hivyo tafadhali, andika 19:30, kila mahali, hata kwa ujumbe wako mwenyewe kwa klaenti, na chini yake umwandikie "saa moja na nusu usiku" ndio asome zote mbili.

Neno hoteli pia uliza vizuri. Klaenti wetu akisema "hoteli nzuri karibu" mara nyingi anamaanisha pa kula, kama vile tunasema hoteli ya chapati hapa mtaani, na wewe unaanza kumtafutia vyumba.

Sasa utatafuta wapi. Kwa Ufaransa mimi naanza na zile zinauza kripi (kama chapati za maji nyembamba) na piza, juu hizo ndizo huwa zinawahi kufungua, na zingine zinaandika mlangoni ama kwa ukurasa wao maneno "service continu", maana yake jikoni halifungwi mchana, mnaweza kula hata saa kumi na moja jioni watoto wakitoka tu mlimani na buti zao. Hayo maneno mawili yameniokoa kuliko nyota za mtandaoni. Halafu angalia kama kijiji kina alama ya Famille Plus, hiyo ni alama ya Ufaransa ya sehemu zilizokubali kuhudumia familia, na upige simu ofisi ya watalii ya hicho kijiji. Piga simu kabisa, usiishie kwa ramani ya simu, kwa sababu masaa ya kiangazi na ya theluji hayafanani na restorani nyingine ina siku moja ya wiki inapumzika. Kwa Austria siku hiyo wanaiita "Ruhetag", ukiiona imeandikwa Jumanne na familia yako inataka Jumanne, tafuta kwingine mapema. Ukisoma maoni ya watu soma ya Januari na Februari, wacha ya Agosti.

Kwa Austria kusema ukweli mimi familia yenye watoto wadogo naipeleka hafu bodi bila kusitasita. Hoteli nyingi huko zinauza chumba pamoja na chakula cha jioni, na zile za familia zingine zinalisha watoto mapema kabla ya wakubwa. Mnashuka na slipa hadi chini, mnakula, mnapanda. Kuna klaenti ataona ni kufungiwa, anataka kuonja kila siku mahali tofauti, mwambie akiwa na mtoto chini ya miaka sita hiyo hamu itaisha siku ya pili.

Uliza njia ya usiku. Restorani ikionekana mita mia tano kwa ramani unaweza kudhani ni karibu, kumbe ni mlima na barafu, na kigari cha mtoto hakisukumiki kwenye theluji mbichi, watu wa huko wanavuta watoto kwa kisleji, kile kibao cha kuteleza kwenye theluji. Avoriaz magari hayaingii kabisa, kuna sleji za farasi. Zermatt, kule Uswisi, magari ya petroli yanaachwa Täsch, kijiji cha chini yake, na mnapanda treni, ndani ya kijiji ni teksi ndogo za umeme. Zile restorani nzuri za mbao mnazoona kwa picha, ziko juu mlimani, nyingi zinafikiwa kwa lifti na lifti nyingi zinasimama alasiri, kwa hivyo ni za lanchi. Usimpangie mtu chakula cha jioni mahali ambapo hakuna kitu cha kumrudisha.

Chakula chenyewe: wengi wa klaenti wetu ni Waislamu, Wahindu wasiokula nyama, Waadventista, na vyakula maarufu vya milima ya Alps vina vitu ndani ambavyo jina halisemi. Fondyu ya Savoie ni jibini iliyoyeyushwa na waini nyeupe. Tartiflette ni viazi, jibini na vipande vya nguruwe. Raclette, jibini ya kuyeyushwa, inaletwa na sahani ya nyama baridi na nyingi ni nguruwe, lakini ukiomba mapema wanakuletea viazi na mboga tu. Menyu ya mtoto Ufaransa mara nyingi ni nyama ya kusaga na chipsi ama hemu (nyama ya nguruwe) na chipsi, kwa hivyo kama hawali hemu sema kwa imeili. Austria "Wiener Schnitzel" ni ya ndama, ikiwa ya nguruwe lazima iandikwe tofauti, na mtoto asiyetaka chochote mpe Kaiserschmarrn, ni kama pankeki iliyokatwakatwa na sukari juu, sijaona mtoto wa Nairobi akiikataa (uliza tu kama zabibu zake zimelowekwa kwenye pombe ya ramu). Kama kuna mzio, Umoja wa Ulaya unalazimisha restorani kusema aina 14 za vitu vinavyodhuru watu, na Austria utaona herufi kando ya kila chakula, E ni njugu karanga, G ni maziwa. Mwandikie mama hizo herufi kwa karatasi aweke kwa pochi.

Wakiwa na apatimenti yenye jikoni wataniuliza kama wabebe unga. Unga wabebe, ila nyama na maziwa ya kutoka kwetu hayaruhusiwi kuingizwa, wasijaribu.

Usiku wa kufika usibuki restorani hata kama klaenti anasisitiza. Wengi wanafika Jumamosi, siku ambayo wageni wa wiki iliyopita wanatoka vyumbani na wapya wanaingia na barabara za kupanda mlimani zimejaa, hujui watafika saa ngapi. Panga piza ya kubeba ama supu na mkate viwe vinawangoja chumbani.

Na juu likizo yetu ndefu ni Desemba, tarehe 24 na 31 zishughulikie mapema kabisa. Jioni hizo restorani nyingi zinafunga ama zinatoa menyu moja tu ya bei kubwa, sahani tano sita hadi usiku wa manane, na mtoto haponi hapo. Mimi Oktoba nakuwa nishaongea na mahali, nimewaambia tuko na shosho na watoto, tupeeni meza ya kwanza mkifungua na mbali na mlango, na siku mbili kabla napiga tena kuhakikisha bado imeandikwa 19:00.